Udongo Usio na Chumvi

Inspekta Damiani Ntandu alichuchumaa katikati ya mawaridi, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akautia ulimini. Bibi Dorika, mwenye nyumba, alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayemwona mgeni akilamba sahani.

"Unatafuta nini humo, Inspekta?"

"Chumvi, mama."

Akageuka upande, akatema kwa adabu, akajipangusa midomo kwa leso.

"Umeniambia mawaridi haya yananyweshwa maji ya Ziwa Singidani, yanayoletwa kwa punda."

"Ndivyo."

"Mimi kwetu ni Mtinko, lakini shule nimesomea hapa mjini. Mashati yetu tulikuwa tukiyafulia ziwani. Yakikauka yanasimama yenyewe bila mtu ndani. Maji yale ukimwagia ua la waridi, wiki haiishi limekufa, na udongo wake unabaki mweupe kama umenyunyiziwa unga." Akanyanyuka, akajikung'uta magoti. "Udongo wako ni mtamu, mama. Haya ni maji ya bomba."

Bibi Dorika aliiangalia bustani yake, nayo ilikuwa ya kuangaliwa kweli. Mwaka ule wa sabini na nne mvua iliikataa Singida. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na hata mtama, ambao wazee husema haujui njaa, ulikunja majani. Mjini, tangi la maji lililojengwa juu ya kilima cha mawe lilikuwa likijaa kwa shida, maji yakitolewa saa chache tu za asubuhi. Gari la matangazo lilikuwa limepita mitaa yote likisoma amri: marufuku kumwagilia maua, ukoka na ua wa michongoma kwa maji ya bomba, maji ni ya kunywa, kupika na kuoga. Nyumba zote za serikali zilitii. Michongoma ikawa miiba mitupu, ukoka ukawa vumbi. Bustani moja tu ilibaki kijani, nayo ilikuwa hii ya Ndugu Gabrieli, mume wa Bibi Dorika, afisa mmoja mwenye sauti katika wilaya, aliyekuwa miongoni mwa waliokaa kwenye kikao kilichoipitisha amri hiyo.

Na sasa kulikuwa na jambo zito kuliko maua. Jana asubuhi mafundi wa bomba walipanda kilimani wakamkuta Petro, mlinzi wa tangi, amelala chini kichwa kimepasuka, hajitambui. Tangi lilikuwa tupu. Mji mzima ulikosa maji, hospitali ikiwemo. Polisi hawakufikiri mara mbili. Nani mwenye kiu ya maji mjini hapa kama si mwenye bustani ya kijani? Walikuja moja kwa moja kwenye nyumba hii, na kabla hawajauliza swali la pili, mtunza bustani, mzee Simeoni, aliweka mkasi wake wa kukatia michongoma chini akasema, "Ni mimi. Twendeni."

Kukiri kwa haraka namna ile ndiko kulikomnyima Damiani raha. Mkuu wake, Lazaro, alishaona kesi imekwisha. Damiani aliomba siku moja tu ya kuzungukazunguka.

"Mtumishi wako amesema alikwenda kumwomba Petro afungue maji mapema kwa ajili ya maua yako," alisema. "Petro akakataa, ndipo yeye akampiga jiwe, akafungua koki mwenyewe. Petro akifa, mzee huyu atanyongwa. Unalijua hilo?"

Bibi Dorika alishika shina la waridi bila kuangalia, akachomwa na mwiba, akautoa mkono.

"Simeoni hawezi kumpiga mtu jiwe."

"Mama, jana alfajiri alikuwa wapi?"

Damiani hakumharakisha. Alitazama mpira wa maji uliolazwa chini ya ukuta, umefunikwa magunia.

"Alikuwa hapa," alisema mwisho, kwa sauti ya chini. "Alikuwa ameshika mpira huo, mimi nimesimama mlangoni nikiangalia asije akapita mtu. Tangu gizani mpaka jua lilipotoka. Tulikuwa tunasubiri maji."

"Yakaja?"

"Bomba lilikoroma tu. Likatoa hewa, likanyamaza."

Damiani aliyageuza maneno yale kichwani. Kama maji hayakufika kwenye bomba hili, basi hayakuteremka mjini kabisa. Tangi zima lilikuwa limemwagikia mahali pengine.

"Utanipa maelezo hayo kwa maandishi, mama?"

"Nimekuambia wewe." Macho yake yalimwomba. "Siwezi kuyasema mbele ya hakimu. Nikisema Simeoni alikuwa hapa, wataniuliza alikuwa akifanya nini. Mume wangu alinyanyua mkono kuipitisha amri ile. Ni yeye asiyetaka wageni wa mkoa wakute nyumba iliyokauka. Anasema nyumba ya mtu ni sura ya cheo chake. Unanielewa?"

"Nakuelewa," alisema Damiani. "Nami nakuomba umwelewe Simeoni."

Kutoka pale alikwenda hospitali. Kwenye wodi ya wazazi ndugu wa wagonjwa walikuwa wakichemsha maji ya ziwa kwenye madebe, na mashuka yaliyoanikwa uani yalikuwa yamekakamaa kama mbao. Nesi Theresia, mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno, alimpeleka hadi kitandani kwa Petro. Mlinzi alilala macho yamefumba, kifua kikipanda na kushuka polepole.

"Atapona?"

"Mapigo ya moyo ni mazuri. Tusubiri."

"Ulikuwepo alipoletwa?"

"Nilimpokea mimi. Na kuna jambo nilimwambia askari wenu, akasema si kitu." Akafungua kabati, akatoa kipande cha kaniki nyeusi, kimekauka damu. "Alikuja amefungwa kichwa na hiki. Vizuri kabisa, fundo limewekwa pembeni lisimwumize. Nami nilipolifungua jeraha nilikuta limepakwa samli."

Damiani alikinusa kile kitambaa. Samli kweli, ile ya wafugaji, yenye harufu ya moshi wa kibuyu.

"Mafundi hawakumfunga?"

"Mafundi walimbeba tu kwenye machela. Niliwauliza."

"Mtu anakupasua kichwa," alisema Damiani taratibu, "halafu anakupaka samli na kuchana nguo yake akufunge."

"Ndiyo maana nilimwambia askari wenu," alisema Theresia, akarudi kwa wagonjwa wake.

Samli ile ilimpandisha Damiani kilimani mchana wa jua kali. Wenzake jana walikuwa wamekanyaga kila mahali upande wa mbele wa tangi, ule unaotazama mjini, kwenye koki kuu ya kupeleka maji mitaani. Koki hiyo ilikuwa imefungwa barabara. Hakuna aliyekuwa ameona haja ya kuzunguka nyuma, kwenye mawe, ambako kulikuwa na koki nyingine ya chini, ya kumwagia maji tangi linapooshwa.

Nyuma ya tangi ardhi yote ilikuwa tope linaloanza kupasuka. Na tope lile lilikuwa limejaa kwato. Zilikuja kutoka porini kwa mstari mmoja uliotulia, kisha karibu na koki zikavurugika, moja juu ya nyingine, kama za wanyama waliosukumana kwa wazimu. Mavi ya ng'ombe yalikuwa bado mabichi ndani. Pembeni mwa koki kulikuwa na nguzo fupi ya chuma. Damiani aliinama akaona damu iliyokauka kwenye ncha yake, na chini ya damu, manyoya mekundu ya ng'ombe. Mtu aliyeinama kufungua koki, akisukumwa kwa nyuma, kichwa chake kingefikia pale pale.

Katikati ya kwato zile kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, peku, nyembamba. Zilikwenda kwenye koki zikarudi kwenye nguzo, zikaenda tena kwenye koki. Kisha kulikuwa na mburuzo, kutoka kwenye tope hadi kivulini chini ya jiwe la upande wa mbele, pale mafundi walipomkuta Petro. Ufunguo wa chuma wa koki ulikuwa umezama topeni, mpini tu ukionekana.

Damiani alikaa juu ya jiwe akavua kofia. Hakukuwa na jiwe lililomgonga Petro wala mkono ulioinuliwa dhidi yake. Hapa palikuwa na kiu tu. Lakini nani alizileta zile kwato, na kwa nini mzee Simeoni alikuwa tayari kunyongwa kwa ajili yake?

Mahabusu ilikuwa chumba cha bati chenye joto la tanuri. Mzee Simeoni alikaa sakafuni, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Damiani naye akakaa sakafuni, wakawa macho kwa macho. Akabadili lugha, akamjulia hali kwa Kinyaturu, nyumba na watu wake, kama inavyostahili mtu kumsalimu mkubwa. Mzee akajibu yote. Kisha wakarudi kwenye Kiswahili, lugha ya kazi.

"Ulipofungua koki, mzee, maji yalikwenda wapi?"

"Mjini. Kwa mama, kwenye maua."

"Ulifungua koki ipi?"

"Ile... ile iliyopo."

"Ziko mbili."

Mzee aliangalia mikono yake.

"Mama anasema bomba lake jana lilikoroma tu," aliendelea Damiani. "Anasema ulikuwa umeshika mpira, mkisubiri wote wawili. Mtu hawezi kuwa kilimani na bustanini kwa wakati mmoja. Sasa niambie jingine. Ng'ombe wako wana rangi gani?"

Simeoni alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Ng'ombe wameingiaje hapa?"

"Wameingia wenyewe. Wameacha kwato."

Mzee akafumba mdomo, na Damiani alijua mdomo ule haungefunguka tena hata kwa kiboko. Aliondoka mbele ya mlango wa mahabusu hatua chache tu, akamkuta mwanamke amesimama kwenye veranda ya kituo, kibuyu cha uji mkononi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amejifunga kaniki, na pindo la kaniki ile lilikuwa limechanwa upana wa kiganja.

"Naitwa Cecilia," alisema. "Nimemletea mume wangu uji. Wameniambia anatozwa faini ya maua. Lini atatoka?"

"Nani alikuambia ni faini ya maua, mama?"

"Yeye mwenyewe. Alituma neno kwa jirani. Alisema nirudi nyumbani, nisionekane mjini, ni shauri dogo la maua." Akamtazama usoni, akaona kitu. "Si la maua?"

"Ameshitakiwa kwa kumpasua Petro kichwa."

Damiani alikipokea kile kibuyu, na ndipo alipoviona viganja vya Cecilia. Vilikuwa vimechubuka, ngozi imetoka vipande vipande.

"Mwongo," alisema Cecilia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetukana na kulia kwa pamoja. "Mzee mwongo. Niandike mimi. Nipo hapa, niandike."

Damiani alimkalisha kwenye benchi, akampa muda wa kupumua. Maneno yalipokuja yalikuja yote.

Kwao ni Mungaa, alisema. Walikuwa na kisima chao, si kikubwa, lakini kilijua kazi yake. Operesheni ya vijiji ilipokuja wakahamishwa, wakapelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Waliambiwa kisima kitachimbwa, na labda kitachimbwa kweli, lakini mvua haikungoja kuchimbwa kwa kisima. Simeoni akaja mjini kutafuta kazi, yeye akabaki na ng'ombe. Walipoanza kuanguka mmoja mmoja aliwaswaga kuja ziwani. Wakanywa maji ya chumvi, wakaharisha, wawili wakafa ufukweni. Siku zile akawa anapita chini ya kilima na ng'ombe waliobaki, wanalia, na mlinzi anamsikia.

"Sikumwomba," alisema. "Mungu ananiona. Jana alfajiri alishuka mwenyewe akaniambia, zungusha nyuma, wanywe kidogo, nitafunga. Akafungua. Ng'ombe kunusa yale maji, nani angewazuia? Walimpitia. Nilisikia kichwa kikigonga chuma. Nikaenda kufunga, sikuweza. Ule ufunguo ulikuwa umepotea kwenye tope, nikafunga kwa mikono, nikafunga, maji yakanishinda. Nikamvuta kivulini, nikampaka samli niliyokuwa nayo, nikamfunga. Kisha nikakimbia kwa mume wangu mlango wa nyuma, aje na wanaume. Tukiwa njiani kurudi tukaona mafundi wanashuka na machela. Mume wangu akaniambia, nenda. Petro amekwisha pata shida kwa ajili yetu, tusimtie kwenye nyingine, wakijua alitufungulia koki watamfunga. Basi nikaenda."

Mkuu wa kituo, Lazaro, aliyasikiliza yote hayo akiwa amekunja mikono juu ya tumbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Mke anamtetea mumewe, Damiani. Kwato umeziona wewe, sawa. Lakini hakimu atauliza, nani alimwona Simeoni mahali pengine saa ile? Nitafutie shahidi asiye wa ukoo."

"Yupo mmoja, afande."

"Basi mlete. Kama anakuja."

Ndugu Gabrieli alikuwa nyumbani Damiani aliporudi. Alimpokea sebuleni bila kumpa kiti.

"Nimesikia ulionja udongo wangu," alisema. "Ukimaliza kula bustani, utakula nini?"

"Nimekuja kwa mama, ndugu. Nahitaji maelezo yake."

"Mke wangu hana maelezo. Mtumishi amekiri. Wewe ni nani wa kukataa kukiri kwa mtu?"

"Amekiri asichokifanya."

"Hilo ni shauri lake na dhamiri yake. Mimi nina kazi ya serikali. Kesho kutwa tuna kikao cha njaa, watu wanahitaji chakula, na wewe unataka nikasimame mbele ya hakimu kwa ajili ya maua?" Sauti yake ilishuka, ikawa karibu ya kirafiki. "Mwulize Lazaro. Atakuambia uache."

"Lazaro ndiye aliyenituma."

Bibi Dorika alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani muda wote. Alikuwa amejifunga khanga juu ya gauni, tayari kwa safari.

"Dorika, rudi jikoni."

"Baba watoto," alisema, "Simeoni aliniambia kila siku, mama, tuyaache haya maua, watu wanaona. Mimi nikamwambia, mwaga. Wewe ukaniambia, mwaga. Yeye ndiye aliyeshika mpira, lakini mkono ulikuwa wetu."

"Unajua utakachonifanyia?"

"Najua. Kutwa nzima nimekipima." Aliingiza miguu kwenye viatu vyake. "Lakini mtu akinyongwa kwa sababu mimi nilinyamaza, nitalala wapi katika nyumba hii? Twende, Inspekta. Kwa miguu, nisipandishwe kwenye gari kama mwizi."

Walikwenda kwa miguu, mtaa mzima ukiangalia. Kituoni aliyasema yote bila kuulizwa mara mbili, tangu siku ya kwanza ya kuvunja amri hadi alfajiri bomba lilipokoroma. Lazaro alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita askari wa zamu, akasema mlango wa mahabusu ufunguliwe. Simeoni alipotoka alimwendea mkewe, akamshika viganja akaviangalia, akavipuliza kama vya mtoto aliyeungua.

Adhuhuri ya siku iliyofuata nesi Theresia alimwita Damiani. Petro alikuwa amezinduka.

"Usimchoshe," alisema. "Na usimdanganye pia. Anauliza."

Petro alikuwa mtu mdogo wa umbo kuliko Damiani alivyomdhani alipolala. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hakuna aliyenipiga," alisema kabla hata ya salamu. "Wasimshike mtu."

"Najua. Cecilia amenieleza."

"Basi nilifungua mwenyewe. Kwa mkono huu."

"Kwa nini, Petro? Umelinda tangi lile kiangazi kizima. Wamekuja watu wakubwa kukuomba, ukawakatalia. Nimeulizia."

Petro alitazama dari, akitafuta pa kuanzia.

"Kule juu mtu unauona mji wote. Mwanzo nilikuwa nikiutazama naona kila nyumba imekauka sawa, moyo wangu unatulia. Nikasema, tumekaushwa wote, na mimi nawashikia ufunguo. Kisha nikaanza kuona uwanja mmoja wa kijani. Kila siku unazidi kuwa kijani. Na chini ya kilima ng'ombe wa yule mama wanalia. Nikakaa nikajiuliza, mimi namlindia nani maji haya? Nilitaka kumpa kidogo tu. Ng'ombe wakinywa wakashiba, nifunge."

"Tangi lote lilimwagika. Wodi ya wazazi walikosa maji siku nzima."

"Kuna aliyekufa?"

"Hakuna. Lakini waliwaosha watoto wachanga kwa maji ya ziwa."

Petro aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika kidogo, kisha yakatulia. Damiani alingoja. Alikuwa amekwisha kuona watu wengi wakitafuta pa kuegemeza kosa lao, na alikuwa tayari kusikia habari ya bustani tena. Haikuja.

"Bustani ni yao," alisema Petro mwisho, bado ametazama ukuta. "Koki ilikuwa yangu."

"Ndugu Gabrieli na mkewe wataitwa mahakamani. Simeoni amerudi kwake."

"Na mimi?"

"Utashitakiwa. Hilo sina uwezo wa kulizuia, wala sitakuficha. Nitakayoandika ni yale niliyoyaona, na nimeona mtu aliyetaka kunywesha ng'ombe. Hakimu atapima."

Petro akatikisa kichwa kukubali. Theresia aliingia na kikombe cha maji, akakiweka kwenye kiti kando ya kitanda.

"Ya wapi haya?" aliuliza Petro.

"Ya bomba. Wamefungulia asubuhi hii."

Alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akakitazama ndani, akakiweka tena. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Wazazi wamepata?"

"Wote. Wa kwanza kabisa."

Hata hivyo hakunywa. Alimtazama Damiani, ambaye tayari alikuwa amefungua kalamu juu ya karatasi, naye Damiani akaelewa. Akaifunga kalamu, akairudisha mfukoni, akasogeza kiti chake nyuma.

"Kunywa kwanza, ndugu yangu," alisema. "Maelezo yatangoja."